Tumchague Vipi Muuzaji wa Mizani?

(Hotuba kwa vyama vya msingi, Nduruma)



Mizani ikipunja nusu kilo kwa kila gunia, magunia 1,000 huwapotezea wakulima kilo 500 za mahindi. Basi, tunapolinganisha wauzaji wa mizani za kielektroniki, bei isiwe neno la kwanza.

Kila muuzaji na alete mizani yake mbele ya wanachama. Wekeni jiwe la kilo 20 katikati, kisha katika kila pembe. Tarakimu zikitofautiana, ikataeni. Muulizeni: fundi wake yuko Arusha mjini au Dar es Salaam? Umeme ukikatika, betri hudumu saa ngapi?

Mwisho, msikamilishe malipo kabla mizani haijahakikiwa na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo. Imani ya mkulima ikipotea, hainunuliki tena.