Useremala wa Mkono: Jinsi ya Kuanza

(Maneno ya hotuba iliyotolewa na mwanachama wa idara ya njia mbele ya mkutano wa tawi)



Katibu wetu ameniomba niseme machache juu ya useremala wa mkono, yaani kazi ya mbao pasipo mashine, maana wanachama kadha wamemwuliza jinsi ya kuanza. Mimi ni mtu wa njia ya reli, wala sina cheti cha useremala. Kazi hii naifanya jioni na siku za mapumziko, na haya nitakayosema nimeyajaribu kwa mikono yangu.

Swali ambalo kila mtu huuliza kwanza ni hili: "Nahitaji fedha ngapi?" Afadhali tulijibu mapema, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapopotea. Wako wenzetu waliongoja mpaka wakapokea malipo ya kustaafu. Wakanunua mashine ya kupasulia, mashine ya kurandia na jenereta, halafu ikawabidi kuajiri kijana, kwa sababu wao wenyewe hawakujua kunoa hata patasi. Haukupita muda mrefu, mashine zikauzwa kwa hasara. Ndugu zangu, useremala yafaa kuuanza ungali na mshahara, kwa vyombo vichache, ukiongeza kimoja kimoja kadiri kazi inavyokidai. Fedha za kustaafu zisiwe karo ya kujifunzia.

Tena kazi hii si ngeni kwetu. Mzee wa Kikamba alikalia kigoda kilichochongwa kwa ngomo, ndiyo tezo, na vigoda vingine vilitiwa nyaya nyembamba za shaba kwa ustadi mkubwa. Wengi mmesikia habari za Mutisya Munge wa Wamunyu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, alikwenda Tanganyika na jeshi, akawaona wachongaji wa huko, naye aliporudi akaanza kuchonga vitu vya kuuza. Wamunyu nzima ikajifunza. Mwaka 1963 wachongaji wa Mombasa wakaunda chama chao cha ushirika. Sasa angalieni vyombo vya watu hao: tezo, kisu, tupa na msasa. Tezo yenyewe hufuliwa na mhunzi kwa chuma cha springi ya lori.

Hapo nitaingiza neno moja. Springi ya lori hununuliwa kwa mwenyewe. Chuma cha reli si chetu, hata kama kimelala majanini miaka kumi. Mnakumbuka Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, Serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kwa miezi kadha. Mfanyakazi wa reli akikutwa na kipande cha reli nyumbani, hata chama hakitakuwa na la kumtetea.

Sasa mbao. Uchongaji ulikula sana muhugu na mpingo, miti hiyo ikapungua, na wachongaji wengi wakageukia mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Sisi wa useremala tuna bahati, maana mti wetu uko hapa hapa: mukau. Humea katika ukavu wa Kitui na Makueni, na shambani huweza kukatwa kwa mbao baada ya miaka kumi hadi kumi na tano. Kiini chake ni chekundu-kahawia, huranda vizuri, tena mchwa hawakipendi. Nanyi mnajua mchwa wa huku. Si ajabu kwamba katika reli ya zamani mataruma ya chuma yalitumika sana.

Lakini sikiliza vizuri: nimesema kiini. Ile sehemu nyeupe ya nje huliwa na wadudu kama mti mwingine wowote. Muuza mbao akikuambia "mukau ni mukau," geuza ubao uone weupe ni kiasi gani.

Kupanda mukau ni hotuba nyingine. Nitasema tu kwamba mbegu yake imefungwa ndani ya kokwa gumu sana, na bila kulipasua na kuitayarisha mbegu, utangoja bure. Wazee huokota makokwa zizini, kwa kuwa mbuzi hula matunda na kuyaacha. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, ina kituo Kitui, na kwa msaada wa Wajapani, katika mradi ulioanza mwaka 2012, waliotesha mashamba ya mbegu bora Tiva na Kibwezi. Mwenye shamba na aende akaulize miche.

Mwanafunzi asinunue ubao mzima. Aombe vipande vya masalio kwenye kiwanda cha kupasulia. Vipande hivyo vikiwa vibichi, avipange kivulini, katikati ya kimoja na kingine aweke vijiti ili upepo upite. Vitakauka lini? Usihesabu miezi. Chukua kipande kimoja, kipime kwenye mizani ya dukani kila juma, andika. Uzito ukiacha kushuka, kimekauka. Ubao mbichi hupungua upana sana, lakini urefu haupungui ila kidogo mno, na ndiyo sababu mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi huacha nyufa wakati wa kiangazi, fundi akalaumiwa kwa ulozi.

Sasa vyombo. Nunua msumeno mmoja, randa moja ya chuma ya kadiri ya inchi tisa au kumi, patasi mbili, moja ya nusu inchi na moja ya inchi moja, kipimo cha pembe ambacho mafundi hukiita skwea, na kinoo. Futi ya kupimia mnayo. Nyundo ya mti utaitengeneza mwenyewe. Basi.

Msumeno una siri moja. Mingi ya siku hizi dukani imechomwa meno yakawa magumu, nayo huonekana meusi au ya buluu kwenye ncha. Huo ukiisha makali umekwisha, maana tupa huteleza juu yake. Tafuta ule ambao meno yake yana rangi moja na bapa lake, ukaunoe mwenyewe kwa tupa ya pembetatu. Randa nzuri mara nyingi ni ile ya zamani iliyolala nyumbani kwa fundi aliyeacha kazi. Kutu ya juu si neno. Tazama kama chuma hakikupasuka.

Skwea nayo ijaribiwe kabla ya kulipa. Iegemeze kwenye ukingo ulionyoka wa ubao, piga mstari, kisha igeuze upande wa pili, upige mstari mwingine hapo hapo. Mistari miwili ikilaliana, nunua. Ikiachana kama miguu ya dira, mrudishie mwenye duka kwa heshima.

Nafika kwenye kunoa, na hapa nitakawia, kwa sababu asiyejua kunoa hajaanza useremala. Patasi ya dukani haina makali ya kazi, ijapokuwa inang'aa. Kwanza sawazisha mgongo wake, ule upande ulio bapa. Kama kinoo chako kimeingia shimo katikati, kiweke kando. Chukua kipande cha kioo kinene, ulaze juu yake msasa wa maji, namba 400 kisha namba 1000, utie maji. Sugua mgongo mpaka inchi moja ya karibu na makali ing'ae sawasawa. Halafu geuza upande wa mteremko. Kiwandani huchongwa digrii 25 hivi. Wewe inua mpini kidogo tu, ifike kama digrii 30, unoe ncha peke yake. Endelea mpaka ukipitisha kidole mgongoni, kutoka katikati kwenda nje, usikie kimkwaruzo chembamba kutoka pembe hadi pembe. Hiyo ndiyo dalili kwamba umefika makalini. Kiondoe kimkwaruzo kwa kuusugua mgongo mara mbili tatu ukiwa umelala bapa kabisa. Usijaribu makali kwa kidole gumba. Jaribu kwenye kichwa cha ubao mwororo, pale nyuzi zilipokatwa: patasi kali hukata ikaacha uso laini, na butu huziponda.

Kuna mtu atasema kunoa ni kupoteza wakati. Ndugu yangu, chombo butu hutaka nguvu, na chombo kinachosukumwa kwa nguvu huteleza. Hapo ndipo vidole hukatwa. Mfanyakazi wa njia bila vidole atashika nini? Tena, sheria ya fidia ya mwaka 2007 ni ya ajali zinazotokana na kazi ya mwajiri. Ukijikata nyumbani ukitengeneza kigoda chako, madai hayo chama hakiwezi kuyapeleka popote. Kwa hiyo mikono yote miwili ikae nyuma ya makali siku zote. Usishike ubao kwa magoti ukaupiga patasi. Wachongaji hushika kazi kwa mguu, nao wamezoea tangu utoto, wewe usiwaige. Asiye na jiliwa apigilie vibao viwili juu ya meza nzito, aweke ubao katikati, aukaze kwa kabari. Kabari haigharimu kitu.

Kazi ya kwanza iwe nyundo ya mti. Ya pili, kibao cha kuegemeza mti unapoukata kwa msumeno. Ya tatu ndiyo kigoda, chenye miguu minne na vibao vya kuiunganisha, kwa kiungo cha ulimi na tundu. Wengi hukimbilia misumari. Msumari una kazi yake, lakini kiti cha misumari hulegea, na mti mkavu ukipigwa msumari pasipo kutobolewa kwanza hupasuka.

Ulimi uwe theluthi ya unene wa kibao. Kibao cha inchi moja na nusu, ulimi wa nusu inchi. Sasa mmeona kwa nini nilisema patasi ya nusu inchi: upana wa patasi ndio upana wa tundu, hakuna kupima mara mbili. Chora kwa ncha ya kisu, si kwa penseli, kwa sababu mstari wa penseli una unene wake na hujui ukate upande gani. Vipimo vyote vianzie uso mmoja wa ubao, ule ulioupiga randa kwanza, nao utie alama usiusahau. Chimba tundu kwanza, ukianzia katikati kuelekea mwisho, ukifika nusu ya kina ugeuze uje toka upande wa pili. Ulimi ukate baadaye, msumeno upite nje ya mstari, mstari wenyewe ubaki. Ulimi mnene utapunguzwa kwa patasi, mwembamba haunenepi. Uingie kwa kusukumwa na mkono na kugongwa kidogo mwishoni. Ukihitaji kupigwa sana utapasua mguu.

Juu ya randa nitasema neno moja tu: soma mwelekeo wa nyuzi kabla hujasukuma, na ikianza kung'oa, geuza ubao.

Wako watakaouliza kama kazi hii yaweza kushindana na viti vya mashine vinavyouzwa mjini. Kwa wingi, hapana. Aliye Emali au Mutomo hatashinda kiwanda kwa kuharakisha. Lakini mpini wa jembe uliovunjika, mlango wa shule unaokwama, meza ya kanisa inayoyumba, hayo huwa kijijini kila juma, tena mengine hayana umeme karibu. Fundi aliye na mfuko wa vyombo vikali huitwa. Atoze bei ya haki, asifanye bure kwa sababu ana mshahara wa reli, maana akifanya hivyo atamnyang'anya chakula fundi wa kijiji asiye na mshahara.

Bwana Mwenyekiti amekubali kwamba Jumamosi ijayo, saa nane mchana, tukutane chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Kila mmoja alete patasi moja, hata iwe butu namna gani, na kipande cha mti mkavu cha urefu wa mkono. Kioo na msasa nitaleta mimi. Vyombo vya kazini viachwe kazini.