Fundi wa Tovuti na Chama Chake
(Maelezo ya Mkaguzi wa Ushirika kwa wanachama, Iyula)



Kijana wa Iyula anayetaka kujiajiri kwa kutengeneza tovuti na aanze na mteja wa karibu: chama cha msingi kinachouza kahawa. Lakini kazi isianze kwa maneno matupu. Mkataba utaje kazi, muda na malipo: sehemu kabla ya kuanza, sehemu baada ya kukabidhi. Jina la tovuti lenye .tz lisajiliwe kwa chama, si kwa fundi; ada yake ya kila mwaka iingizwe katika makisio. Taarifa za wanachama zisitangazwe ovyo. Zinalindwa na Sheria ya mwaka 2022. Fundi anayekabidhi nywila zote leo ndiye atakayeitwa na chama jirani kesho. Mali bila daftari hupotea bila habari, na tovuti nayo ni mali.