Kucheka Pamoja na Mzazi Anayesahau

  Popote ulipo asubuhi hii, iwe ni jikoni Othaya ukikoroga uji, sokoni Karatina ukipanga viazi, au ndani ya matatu kutoka Nanyuki kuja Nyeri, nakuomba utege sikio kidogo.

Leo tunazungumza juu ya ugonjwa wa kusahau, ambao madaktari huuita demensia. Mara nyingi tukiutaja ugonjwa huu tunataja machozi, na ni kweli machozi yapo. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya kicheko. Huenda ukaniuliza, "Nitachekaje, na mama aliyenizaa hanijui tena?" Swali hilo ni la haki, mama. Tutalijibu polepole.

Ugonjwa wenyewe

Kwanza tuelewane. Kusahau mahali ulipoweka miwani ni jambo la kawaida kwa mtu mzee. Demensia ni zaidi ya hapo. Mtu husahau njia ya nyumbani aliyoipita miaka 40. Huuliza swali moja mara kumi kwa saa moja. Hushindwa kupika chakula alichokipika maisha yake yote. Kinachosababisha ni maradhi yanayoharibu ubongo. Yanayojulikana zaidi ni Alzheimer, yaliyopewa jina la Alois Alzheimer, daktari wa Ujerumani aliyeyaeleza kwa mara ya kwanza mwaka wa 1906. Kiharusi na shinikizo la damu pia huweza kuuharibu ubongo na kuleta demensia.

Kwa hiyo shosho hajarogwa. Wala si laana, wala si ukaidi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka wa 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na demensia, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zenye kipato kidogo na cha kadiri, kama yetu. Hauko peke yako hata kidogo.

Demensia nyingi bado hazina dawa ya kuponya. Hata hivyo, mpeleke mgonjwa hospitalini apimwe. Wakati mwingine kusahau huletwa na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini, huzuni ya muda mrefu, pombe, au dawa anazotumia. Hayo yanaweza kutibiwa.

Sababu husahaulika, furaha hubaki

Sasa sikiliza jambo hili, kwa maana ndilo kiini cha mazungumzo ya leo. Mwaka wa 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani walichapisha uchunguzi waliofanya kwa wagonjwa wa Alzheimer. Waliwaonyesha vipande vya filamu, vingine vya kuhuzunisha, vingine vya kuchekesha. Baada ya dakika chache wagonjwa walikuwa wamesahau karibu yote waliyoyaona. Lakini waliohuzunishwa waliendelea kuwa na huzuni, na waliofurahishwa waliendelea kuwa na furaha, hata bila kukumbuka sababu yake.

Mama msikilizaji, fikiria maana yake nyumbani kwako. Ukimgombeza mzee asubuhi kwa sababu amemwaga uji, atasahau uji na atasahau maneno yako. Uchungu hatausahau upesi. Ataketi pembeni akiwa mnyonge, na hajui kwa nini. Vivyo hivyo, ukicheka naye kidogo, atasahau mlichokicheka, lakini moyo wake utabaki mwepesi, na hata kumwogesha kutakuwa rahisi. Kwa hiyo usiseme, "Kuna faida gani kumfurahisha, na baada ya dakika tano hakumbuki?" Faida ipo. Ameibeba moyoni.

Msaada tulionao katika majina yetu

Sisi wa upande huu wa Mlima Kenya tuna msaada ambao wengi hatujautambua. Kwa desturi ya Agikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba wa baba yake, na wa pili huitwa jina la baba wa mama yake. Msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba, na wa pili jina la mama wa mama. Ndiyo sababu tangu zamani utamsikia mama akimwita binti yake mdogo "maitu", yaani mama yangu, kwa sababu amebeba jina la mama yake. Na shosho humwita mjukuu mwenye jina la guka "muthuri wakwa", mume wangu, na watu wote hucheka. Ni utani wa nyumbani wenye heshima na upendo ndani yake.

Sasa ugonjwa unapoingia, mzaha huo hugeuka kuwa kweli. Chukua mfano wa mama aliyepewa jina la nyanya yake. Alipokuwa mtoto, mama yake alimwita "maitu" kwa utani. Leo mama ana miaka 84, na anamwita "maitu" kwa sababu anaamini kabisa kwamba huyu ndiye mama yake. Anamwuliza, "Maitu, mbuzi wamerudi?" Siku za kwanza binti hulia. Hujibu, "Mimi si mama yako! Mimi ni binti yako! Na hatuna mbuzi!" Mzee hushtuka, huona aibu, na jioni nzima huharibika.

Lakini kuna njia nyingine. Binti anaweza kujibu, "Wamerudi wote, ila yule mweupe ameanza ukorofi tena." Mzee atacheka, kwa sababu pengine huyo mbuzi mweupe alikuwako kweli. Ataanza kusimulia. Binti atasikia habari za bibi ambaye hakumwona kamwe, lakini ambaye jina lake analibeba. Je, amedanganya? Mimi nasema hapana. Jina hilo ni lake. Alipewa siku ya kuzaliwa ili bibi asipotee. Leo mama yake anamhitaji alitumie.

Tofauti ya kucheka naye na kumcheka

Hapa lazima tuwe waangalifu. Kuna kucheka naye na kuna kumcheka. Kumcheka ni kusimulia mbele ya wageni jinsi shosho alivyovaa sweta miguuni, naye ameketi hapo anasikia. Ni kumpiga picha kwa simu na kuzituma kwa watu. Ni kumwuliza, "Mimi ni nani?" ili watoto wacheke akikosea. Hilo ni kumvunjia mzee heshima, na moyo wake huona hata kama kichwa kimesahau.

Kucheka naye ni tofauti. Tuseme ameweka chumvi badala ya sukari katika chai ya familia. Kila mtu ameonja na kukunja uso. Usipige kelele. Mwangalie kwanza. Akionja mwenyewe na kukunja uso, akakutazama kwa jicho la utundu, basi cheka, mwambie, "Leo tumekunywa supu ya majani!" Lakini ukiona uso umeingiwa na aibu au hofu, nyamaza, mwaga chai taratibu, upike nyingine. Macho yake ndiyo yatakayokupa ruhusa ya kucheka.

Mambo unayoweza kufanya

Kwanza, tumia nyimbo. Kwa wagonjwa wengi nyimbo za ujana hubaki wakati mengi yameshapotea. Anayeshindwa kutaja jina la mwanawe anaweza kuimba wimbo wa kanisani kutoka mwanzo hadi mwisho. Wengine watachangamka ukiwawekea Joseph Kamaru, au kodiani ya mwomboko. Akitikisa bega, tikisa lako pia. Kazi ya kumvalisha nguo itaisha kabla hamjamaliza wimbo.

Pili, mpe kazi ya mikono aliyoizoea. Mpe mahindi apukuchue, maharagwe achambue, au nyuzi za kiondo asokote. Akichanganya nyeusi na nyekundu, acha. Utatenganisha baadaye. Unataka aone kwamba bado ni mtu wa maana katika boma lake.

Tatu, usibishane. Jioni ukungu unaposhuka, hasa miezi ya baridi ya Juni na Julai, mzee huweza kusimama mlangoni na kusema, "Nataka kwenda kwetu," ilhali yuko kwake. Usimwambie, "Hapa ndipo kwenu!" Mwulize, "Huko kwenu mlipanda nini?" Tembea naye hatua chache uani, mwelekee kuku, zungumzeni, kisha mrudi ndani mkanywe chai.

Nne, waachie watoto nafasi. Mtoto wa miaka mitano hajali kama shosho ameuliza jina lake mara sita. Atajibu mara sita, na mara ya saba atajiita simba. Wafundishe tu kwamba shosho ni mgonjwa, na kwamba heshima haipungui.

Tano, usitegemee kicheko kwa kila jambo. Huko Sydney, Australia, wachekeshaji waliofunzwa walitembelea wazee katika makao 35, na matokeo yalichapishwa mwaka wa 2013. Kuhangaika na ukali wa wazee ulipungua. Huzuni yao ya ndani haikupungua sana. Kicheko husaidia, lakini hakichukui mahali pa daktari.

Pasipo na mzaha

Kuna nyakati ambazo hatucheki. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka wa 1954 sasa amepita miaka 80. Huo ndio mwaka ambao watu wengi wa Nyeri na Murang'a walianza kuhamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji vyenye mitaro na walinzi, wakati wa Hali ya Hatari iliyodumu tangu 1952 hadi 1960. Mzee akijificha chini ya kitanda usiku, akisema askari wanakuja, au akificha chakula chini ya godoro, pengine amerudi huko. Usimwambie, "Mambo hayo yaliisha zamani." Kwake hayajaisha. Washa taa, kaa karibu, mshike mkono, mwambie kwa sauti ya chini, "Niko hapa. Mlango nimefunga. Leo tuko salama."

Tena, mzee akibadilika ghafla kwa siku moja au mbili, akawa na usingizi mzito, au akachanganyikiwa zaidi ya kawaida yake, usidhani ni demensia tu. Huenda ana maambukizi ya mkojo au ya mapafu, au amekosa maji mwilini. Mpeleke upesi katika kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya kaunti.

Na kumfunga kamba au kumfungia ndani peke yake, hilo halifai kamwe. Kama hutoroka, waambie majirani na wenye maduka, funga kengele ndogo mlangoni, na umshonee namba ya simu ndani ya koti.

Na wewe mlezi je?

Mama, wewe pia ni binadamu. Kuna siku utakasirika. Kuna siku utaingia choo cha nje ulie, na kuna siku utacheka kisha uone vibaya kwamba umecheka. Usijihukumu. Kucheka si kukosa upendo. Wengi wanaotunza wazee kwa miaka mingi wamedumu kwa sababu walipata kitu cha kucheka.

Lakini kicheko peke yake hakitoshi kubeba mzigo. Wale ndugu walio Nairobi wanaopiga simu Jumapili na kuuliza, "Mama anaendeleaje?" waambie wazi: "Njoo Jumamosi moja kwa mwezi ukae naye, mimi nilale." Watoto wa kiume nao wana mikono. Katika chama chenu, ombeni nusu saa ya kuzungumza juu ya kazi hii. Utashangaa jinsi wenzako wengi walivyo na shosho au guka nyumbani, na walikuwa wakificha. Pia kuna shirika liitwalo Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya, ambalo hukutanisha familia za wagonjwa. Na tarehe 21 Septemba kila mwaka ni siku ya ugonjwa huu duniani. Ni nafasi nzuri ya kuomba kanisa au shule izungumze juu yake.

Turudi kwa swali letu la mwanzo. Utachekaje na mama asiyekujua? Utacheka kwa sababu, hata akisahau wewe ni nani, bado anajua kwamba mtu aliye karibu naye ni mtu mwema. Hilo analijua kwa sauti yako, kwa mkono wako na kwa kicheko chako. Leo jioni akikuita mama, itika.

 

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Nyumbani kwako, nani humcheka mzee, na nani hucheka naye? Unaonaje tofauti?
2. Ni wimbo gani au kazi gani ya mikono ambayo mzee wako hajaisahau?
3. Ni nani katika familia anayeweza kukupumzisha siku moja kwa mwezi, na utamwomba lini?