Mji Gani Umfae Mwimbaji?

Jioni hii nataka kusema nanyi habari ambayo mtu aweza kuidhani kuwa ni ya vijana peke yao. Lakini yawagusa wazazi pia, maana mara nyingi gharama yake hutoka katika shamba la baba.

Jumapili moja, baada ya ibada, mzee mmoja wa kwetu Murungu alinijia pamoja na kijana wake. Kijana huyo nalimfundisha mimi. Sauti yake ni njema, apiga gitaa, na katika kwaya yeye ndiye awaongozaye wenzake. Baba akaniambia, "Mwalimu, mtoto huyu ataka kwenda mjini kufanya kazi ya muziki. Mjomba wake asema Dar es Salaam, rafiki zake wasema Mwanza, naye mwenyewe moyo wake u Nairobi. Nimepata mtu wa kukinunua kipande changu cha migomba. Lakini naogopa nisije nikauza shamba, kisha mtoto akarudi mikono mitupu. Twambie, ni mji gani?"

Sikumjibu siku ile. Nalimwomba anipe juma moja, nami nikafikiri habari za watu waliotangulia katika njia hiyo. Ndizo nitakazowasimulia.

Wa kwanza ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, mwaka 1880, katika nyumba ya watu maskini. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na Siti alichukua vyungu kwenda kuviuza. Mwaka 1911 alihamia mjini Unguja. Huko alimpata Ali Muhsin, aliyemfundisha kuimba. Alipata wapigaji hodari wa kuimba pamoja nao. Tena alipata watu wa kumsikiliza. Fumba si mbali na mjini, lakini vitu vitatu hivyo Fumba havikuwako.

Sasa angalieni jambo moja. Mwaka 1928, wenye kampuni ya santuri walipotaka kuinasa sauti yake, Siti na wenzake walipanda meli wakaenda Bombay, Bara Hindi, maana mitambo ilikuwa huko. Kazi ilipokwisha hakufanya maskani Bombay. Alirudi Unguja, kwa watu waliozifahamu lugha yake na mafumbo yake, na sahani zake zikasikilizwa pwani yote na bara. Akakaa kwao hata alipofariki mwaka 1950. Basi mji wenye mitambo ulikuwa mji wa safari, na mji wenye wasikilizaji ulikuwa mji wa kukaa.

Wa pili ni ndugu wawili wa Tanga, Wilson Kinyonga na George Peter Kinyonga. Walianza kwao Tanga katika miaka ya 1960, wakaenda Arusha, na mwaka 1971 wakavuka mpaka wakaingia Nairobi, ambako bendi yao ya Simba Wanyika ilipata sifa kubwa. Kwa nini Nairobi? Wakati ule bendi za Tanzania zilinaswa sauti katika Redio Tanzania, lakini viwanda vya kutengeneza sahani vilikuwa Nairobi. Ndugu hao waliifuata kazi mahali ilipokuwa. Walikuwa na sababu, nayo ilikuwa sababu njema.

Lakini sababu hiyo leo iko wapi? Biashara ya sahani zile imekwisha. Siku hizi mtu mwenye kompyuta ndogo na kipaza sauti aweza kunasa wimbo katika chumba kimoja, na kwa intaneti wimbo huo ukasikiwa siku iyo hiyo hata ng'ambo. Sababu imeondoka, bali jina la Nairobi limebaki vinywani mwa vijana. Simkatazi mtu kwenda Nairobi. Ni mji mkubwa wenye wanamuziki wengi. Nasema tu kwamba asiende kwa sababu ya babu yake. Tena akumbuke kwamba afanyaye kazi katika nchi isiyo yake hana budi kupata kibali.

Wa tatu hakukaa katika mji mkuu wo wote. Mbaraka Mwinshehe jina lake limeambatana na Morogoro mpaka leo. Sahani zake zilijulikana Afrika ya Mashariki yote, na mwaka 1970 bendi ya Morogoro Jazz ilikwenda mpaka Osaka, katika nchi ya Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Kabla yake, katika mji uo huo, alikuwako Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba. Morogoro ni mji wa kiasi, lakini ulikuwa na wapigaji waliofundishana na kushindana, tena gari moshi lilipita hapo. Mbaraka alikwenda mbali kwa kazi yake, hata mauti yalimkuta safarini nchini Kenya, kwa ajali ya motokaa, mwezi wa Januari 1979. Lakini sifa yake ilikuwa imejengwa Morogoro.

Huenda mtu akasema, "Hayo ni ya watu wa pwani na wa njiani. Sisi wa milima ya Buha tuko mbali." Ni kweli, tuko mbali. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,200. Hata hivyo reli hiyo iliwachukua wengi. Shem Karenga alikuwa mtu wa Kigoma. Hakuruka mara moja mpaka Dar es Salaam; katika miaka ya 1970 alikuwa Tabora, katika bendi ya Tabora Jazz, na huko ndiko ulikotoka wimbo wake "Dada Asha" uliojulikana nchi nzima. Dar es Salaam alifika baadaye, hali ana jina lake. Alifariki mwaka 2014.

Na huko huko katika nchi ya Tabora kuna Ulyankulu, makazi yaliyofanywa porini kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972 na baada yake. Kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu ilisikiwa kwa kaseti na redio Tanzania nzima. Watu hao hawakuwa na mji, ila walikuwa na wenzi, na saa za kujifunza, na neno la kusema.

Je, Dar es Salaam? Sitaudharau mji huo. Baada ya sheria ya mwaka 1993 kuruhusu redio za watu binafsi, nyingi zilianzishwa huko, na muziki wa Bongo Fleva ukakua huko. Rayvanny alitoka Mbeya, Harmonize alitoka Mtwara, na wote wawili walipata jina Dar es Salaam. Mwaka 2012 wanamuziki wenye asili ya Kigoma, Diamond Platnumz akiwa mmoja wao, walikusanyika wakatoa wimbo wenye jina la Kiha, "Leka Dutigite", nasi huku tuliufurahia. Lakini twawajua waliofika; wale waliorudi kimya kimya hakuna redio iwatajayo. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo, alipofika Dar es Salaam mwaka 1978 alikuwa na mjomba wake katika bendi ya Makassy, na kazi katika bendi hiyo. Alipata mahali pa kuketi kabla ya kutafuta sifa. Leo hata kituo cha basi cha Sinza huitwa kwa Remmy.

Tena kuna miji ambayo vijana hawaitaji kabisa. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo huitwa TaSUBa. Hapo alifundisha Hukwe Zawose, Mgogo aliyepeleka zeze na malimba ya kwao mpaka Ulaya, hata akafariki mwaka 2003. Hakuyaacha ya kwao ili apate sifa. Yalikuwa ndiyo sifa yake. Na Unguja kuna chuo kingine cha muziki, kilichoanzishwa mwaka 2002, wafundishako udi, kanuni na taarabu. Kijana wa Buha mwenye kuzijua ngoma zetu na nanga ya wazee wetu haendi huko mikono mitupu.

Juma lilipokwisha, mzee na kijana wakarudi. Nikasema, "Mzee, uliniuliza mji gani. Mimi naona tuulize kwanza, kijana amepungukiwa na nini? Mwimbaji ahitaji vitu vitatu: mwalimu, wenzi na wasikilizaji, na chombo cha kunasa sauti. Chombo siku hizi hata Kasulu kipo. Kwa hicho pekee mtu hahami kwao." Kisha nikamgeukia kijana. "Una nyimbo ngapi ulizozitunga mwenyewe?" Akasema, "Tatu, Mwalimu." Nikamwuliza, "Wajua kusoma noti?" Akasema hajui. "Dar es Salaam utalala kwa nani?" Akanyamaza.

Kijana hakufurahi, nami sikupendezwa kumwona hivyo. Lakini ni heri mtu aulizwe maswali hayo nyumbani kuliko kuulizwa usiku katika kituo cha basi. Tukashauriana hivi. Shamba lisiuzwe, maana shamba likiuzwa halirudi, na aimbaye huku ana deni la shamba kooni hukubali kila karatasi awekewayo mbele yake. Aende kwanza Kasulu kwa shangazi yake, apige na bendi za arusi, na mchana afanye kazi ya mikono. Nyimbo zake zikitimia kumi, na fedha ikipatikana, aombe nafasi Bagamoyo. Dar es Salaam itafuata, hali amekwisha pata jamaa wa kumpokea. Tena asitie sahihi mkataba asioufahamu. Awe na mtu wa kumsomea. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na kazi za watungaji huandikishwa COSOTA; basi naye aandikishe kazi yake.

Basi, ndugu zangu, mwaka umepita. Kijana yuko Kasulu, atengeneza pikipiki mchana, na Jumamosi apiga gitaa arusini. Nyimbo zake sasa ni saba. Jina bado hana, wala siwezi kuwaahidi kwamba atalipata. Nauli yake ilitoka katika magunia mawili ya maharage. Nilipopita kwa baba yake majuzi alinipa mkungu wa ndizi, zilizokatwa katika kipande kile kile alichotaka kukiuza.

Nanyi wazazi, mtoto akija kwenu na neno hili, msimcheke, wala msikimbilie kuuza. Mwulizeni amepungukiwa na nini. Akiisha kulijua hilo, na mji ataujua.

Kwa herini.