Mzigo wa Lori ni Juu ya Nani?



Leo twapenda kusema nanyi habari ya malori yachukuayo shehena kupita kiasi. Kila lori lizuiwapo penye mizani, au lipindukapo mlimani, neno la kwanza tulisikialo ni hili: "Kosa ni la dereva." Hatusemi kwamba dereva hana kosa, maana ndiye aliyeshika usukani, naye angaliweza kukataa kuondoka. Lakini shehena haikupanda garini yenyewe. Yuko aliyejaza magunia, yuko aliyeyanunua, wako makuli walioyapanga, tena yuko mwenye gari aliyetaka safari moja ifanye kazi ya mbili. Siku ya mizani, hao wote hawaonekani.

Kwanza tuijue sheria. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipatana juu ya sheria moja ya uzito wa magari, na Tanzania Bara ilianza kuitumia mwaka 2019. Gari pamoja na tela lake na mzigo wake lisizidi tani 56, ila kwa kibali maalumu. Tena kila ekseli ina kipimo chake: ile ya mbele, ya usukani, tani 8, ekseli moja ya nyuma yenye magurudumu 4, tani 10. Basi lori la ekseli 2 mwisho wake ni tani 18, chuma na shehena pamoja.

Sasa tufanye hesabu, na walimu watusahihishe. Lori tupu tuseme lina tani 7. Zimebaki tani 11, yaani magunia 110 ya kilo 100. Lakini gunia litokalo shambani mara nyingi ni lumbesa: limejazwa hata mdomoni, kisha likaongezwa kilemba cha kamba na nyavu juu yake. Tukisema kila moja lina kilo 130, yale magunia 110 ni tani 14 na kilo 300. Dereva amehesabu magunia, hati yake yaonyesha tani 11, naye amezidisha kilo 3,300 asijue. Na mkulima je? Amelipwa bei ya gunia moja, akatoa kilo 30 bure. Sheria ya vipimo ya Tanzania yakataza kufunga mazao kupita kilo 100 katika gunia moja, nasi twaona ajabu kwamba watu wenye kuibiwa ndio washikao sindano na kamba za kushonea.

Liko na jambo jingine, ambalo wengi hawalifahamu. Lori laweza kuwa chini ya tani 18 na bado likavunja sheria. Makuli wakirundika magunia mkiani, kwa sababu ndipo karibu na mlango na jua ni kali, huenda mbele pakawa na tani 5 na nyuma tani 12. Jumla ni 17 tu, lakini ekseli ya nyuma imezidi kwa tani 2. Magurudumu ya mbele yakiwa mepesi, usukani hautii, hasa penye mlima na matope. Shehena ikilalia upande mmoja, kona moja yatosha kuliangusha.

Barabara nayo huumia kuliko tudhanivyo. Kati ya mwaka 1958 na 1960, huko Illinois katika Marekani, wataalamu waliendesha malori ya uzito mbalimbali juu ya njia zilizojengwa kwa majaribio. Wakaona kwamba uzito wa ekseli ukizidi mara mbili, uharibifu haukui mara mbili, bali karibu mara 16. Kwa kanuni hiyo, ekseli ya tani 10 ikibebeshwa 12, huiumiza njia kama mara mbili ya ilivyostahili. Mashimo hayo ndiyo yazuiayo gari la mgonjwa masika, na ndiyo yampayo mnunuzi sababu ya kupunguza bei.

Kwa hiyo twaomba kila kijiji kiwe na mizani iliyokaguliwa, na gunia lipimwe mbele ya mwenyewe kabla ya kushonwa. Hati ya mzigo iandikwe idadi ya magunia na kilo zake, pamoja na jina la mnunuzi na la msimamizi wa kupakia, nao watie sahihi. Dereva aachiwe nakala. Hapo mwenye gari hataweza kusema hakujua.

Twajua mtakavyotujibu: "Tukikataa lumbesa, mnunuzi atavuka mto aende kwa jirani." Ni kweli, ameshafanya hivyo mara nyingi. Ndiyo maana shauri hili halifai kukatwa na kijiji kimoja. Wazee wa ng'ambo zote mbili za mto wakutane kabla ya mavuno, wapatane gunia moja, na waandishi wao wabadilishane daftari za mizani kila siku ya soko.