Sarafu Isiyoshikika Mkononi



Kijana mmoja ametuuliza juu ya Bitcoin. Tutazame kwanza nchi iliyoijaribu. Tarehe 7 Septemba 2021 El Salvador ilikuwa ya kwanza duniani kuifanya fedha halali, sambamba na dola ya Marekani. Serikali ikampa kila raia aliyejiandikisha dola 30 za Bitcoin ndani ya simu yake. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: wananchi walioko ugenini hutuma nyumbani fedha nyingi, na ada za kutuma huwaelemea. Sisi wenye ndugu Uarabuni twalijua hilo.

Lakini wengi walizitumia zile dola 30, kisha wakaiacha. Wala si ajabu! Sarafu iliyopita dola 60,000 Novemba 2021, mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 20,000. Muuza mboga atapangaje bei hapo? Januari 2025, baada ya makubaliano ya mkopo na Shirika la Fedha la Kimataifa, Bunge lao likaondoa ulazima wa kuipokea.

Fedha aliyokusudia kijana wetu ni karo ya mdogo wake. Tumemwambia ailipe karo kwanza.