Neno la Mwuzaji na Siku ya Gulio

Hotuba ya mwanachama mmoja, mkulima na mkaangaji wa kahawa, katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu



Walionitangulia wamesema habari za mizani, za mikopo na za bei. Mimi nimeombwa kueleza jambo dogo zaidi, nalo ni hili: mtu auzaye mali yake peke yake, asiye na karani wala mpiga picha, awezaje kuitangaza mwaka mzima bila kuchoka na bila kunyamaza?

Yafaa nieleze kwanza hali yangu. Sehemu kubwa ya kahawa ya shamba langu naipeleka katika chama cha msingi kama ninyi nyote. Sehemu ndogo naikaanga mwenyewe, kwa leseni, naifunga katika pakiti za robo kilo, na kuwauzia walimu, wenye maduka ya mjini, wenye hoteli, na wageni wajao kupanda Mlima Kilimanjaro. Mimi ndiye mkulima, mkaangaji, mfungaji, mchukuzi na mweka hesabu. Na hizi pakiti chache ndizo zinilipiazo karo ya watoto katika miezi ambayo malipo ya zao hayajafika.

Najua wapo wazee watakaonijibu kwa methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli mahali ambapo mnunuzi aweza kukiona hicho chema kwa macho yake. Mkungu wa ndizi ukiwekwa gulioni hujisemea wenyewe. Lakini kahawa iliyofungwa katika pakiti haina kinywa. Mnunuzi aliye Dar es Salaam hakuyaona maua ya mbuni, wala hakusikia harufu ya kikaango. Na wazee wetu hao hao husema pia ya kuwa biashara ni matangazo. Methali hizi mbili hazigombani. Ya kwanza yatuamuru tutengeneze kitu chema. Ya pili yatuamuru habari zake zimfikie asiyeweza kukiona.

Sasa niungame kosa langu, maana ndilo lililonifundisha. Nilipoanza, nilishikwa na moto wa kutangaza. Kila siku nilituma kwa simu picha tatu au nne: pakiti, kikombe, pakiti tena. Maneno yalikuwa yale yale: nunua, nunua. Baada ya mwezi mmoja watu walichoka, na mimi nilichoka zaidi. Kisha msimu wa kuchuma ukaingia. Mchana nilikuwa shambani, usiku nikimenya na kuosha buni, nikanyamaza kabisa kwa muda wa miezi mitatu. Niliporudi mjini na kahawa mpya, hoteli moja iliyokuwa ikinunua kilo 6 kila mwezi ilikuwa imekwisha kupata mwuzaji mwingine. Mwenye kununua aliniambia kwa upole, “Tulidhani umeacha biashara.” Sikuwa na la kumjibu. Kahawa yangu ilikuwa njema, pengine njema kuliko ya mwaka uliotangulia, lakini kimya changu kilikuwa kimekwisha kuniuzia mlango.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani siku ile, nilipita gulioni, nikajiuliza: mbona watu hawa wote wamekuja leo, wala hakuna aliyewaita? Jibu ni jepesi. Gulio lina siku yake. Haliiti watu kila siku, wala halipotei miezi mitatu. Mtu hupanga safari yake, fedha yake na kikapu chake kwa kuwa ana hakika ya siku hiyo. Basi nikaamua ya kuwa neno la mwuzaji nalo liwe kama siku ya gulio.

Historia ya ushirika yatupa mfano wa jambo hili. Wale wanachama 28 wa Rochdale, katika nchi ya Uingereza, walifungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844. Bidhaa zao zilikuwa chache mno: unga, siagi, sukari, shayiri na mishumaa. Hapo mwanzo walifungua jioni mbili tu za juma. Lakini jioni hizo zilijulikana, vipimo vilikuwa kamili, na unga haukuchanganywa na kitu kingine. Kidogo chenye hakika kiliwashinda wengi waliokuwa na kingi kisicho na hakika.

Mfano wa pili watoka Marekani. Mwaka 1895 kampuni ya John Deere, watengenezaji wa majembe ya kukokotwa, ilianza kutoa gazeti la wakulima liitwalo The Furrow. Gazeti hilo lilimpa mkulima maarifa ya kazi yake. Limeendelea kutolewa kwa zaidi ya miaka 100. Mkulima aliyelisoma alilijua jina la mtengenezaji hata kabla hajahitaji jembe. Sisi hatuna mtambo wa kuchapia, lakini kanuni ile yatufaa: mpe mnunuzi kitu cha kumfaa kabla ya kumwomba fedha yake.

Mtaniuliza: mtu mmoja atapata wapi maneno ya kusema juma kwa juma? Ndugu zangu, mkulima ndiye wa mwisho kukosa la kusema, kwa kuwa shamba lenyewe halinyamazi. Mvua zikianza, mbuni huchanua maua meupe yenye harufu kama asumini, nayo hudumu siku chache tu. Kutoka ua hadi buni nyekundu hupita kiasi cha miezi 8 au 9. Katikati yake kuna kupogolea, kuweka mbolea, na kuangalia chulebuni na kutu ya majani. Kisha huja kuchuma kwa mkono, kumenya, kuchachusha, kuosha na kuanika juu ya vichanja. Kila kazi ni habari kwa mtu wa mjini ambaye hajaiona.

Tena kuna maswali ya wanunuzi. Nina daftari moja ambalo ndani yake naandika kila ninaloulizwa. Mama mmoja aliniuliza kwa nini kahawa yangu ni ghali. Sikukasirika. Juma lililofuata nilieleza ya kuwa kilo 5 au 6 za buni mbivu hutoa kilo 1 tu ya kahawa safi isiyokaangwa, na ya kuwa hiyo nayo ikikaangwa hupungua uzito sehemu 15 hadi 20 katika kila 100. Mama yule hakuuliza bei tena. Mwingine aliuliza kipimo, nikamjibu ya kuwa gramu 60 kwa lita moja ya maji zatosha. Mwingine alitaka kujua namna ya kuihifadhi: chomboni palipofunikwa vema, mbali na jua na unyevu, na isagwe siku ya kutumiwa. Swali moja la mtu mmoja ni swali la watu wengi walioona haya kuuliza.

Sasa nieleze utaratibu wangu kwa ufupi. Neno langu hutoka kila Jumanne jioni, mara moja kwa juma, basi. Mwisho wa mwezi naketi jioni moja na kuandika maneno manne kwa pamoja, kama mtu awekaye mbegu akiba, ili hata siku za kuchuma nisikose la kutuma. Neno la kwanza ni la shamba. La pili ni jibu la swali. La tatu ni namna mnunuzi mmoja aitumiavyo kahawa, nikiisha kupata ruhusa yake. La nne ndilo la kuuza: kiasi nilicho nacho, bei yake, na mahali pa kuipata. Hivyo mara tatu natoa, mara moja naomba. Na neno moja nalitumia mahali pengi. Lile lililokwenda kwa simu ndilo niandikalo kwa chaki katika ubao wa duka, ndilo liwekwalo ndani ya pakiti, na ndilo nisemalo kwa kinywa. Kila mnunuzi mpya namwuliza alisikia wapi, nami naandika. Bila kuhesabu, utapalilia mahali pasipoota kitu.

Lakini utaratibu bila ukweli ni bure. Msimu mmoja mvua ilininyeshea kahawa ikiwa juu ya vichanja, na sehemu yake ikaharibika harufu. Nilishawishika kuichanganya. Badala yake niliandika Jumanne ile: mwezi huu nina kilo 9 tu, nyingine imenyeshewa, siwezi kuwauzieni. Wengi wao walingoja. Tukumbuke, wenzangu, ya kuwa jina la kahawa ya mlima huu si langu wala lako. Wakulima walioungana katika KNPA mwaka 1925, na katika KNCU mwaka 1933, walilibeba kabla yetu. Mwanachama mmoja asifuye asichokuwa nacho huwalipisha wote.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kila chama cha msingi kiweke ubao mmoja nje ya ghala, uandikwe upya siku ile ile ya kila juma. Na kila mwanachama auzaye asali, ndizi, maziwa au kahawa peke yake achague siku yake, aishike.

Sikutajirika, na ile hoteli haijarudi. Lakini mwaka jana, Jumanne moja, nilikuwa msibani, wala sikutuma neno lo lote. Jumatano asubuhi watu watatu walinipigia simu. Hawakuuliza kahawa. Waliuliza kama mimi ni mzima.

Mtu anayengojewa namna hiyo, mabibi na mabwana, hauzi tena peke yake.

Chama chetu kidumu.